Lori la Mchanga Lina Kibali, Kijana Aliyelipakia Hana

Tangu bunge la kaunti ya Makueni lipitishe sheria ya uhifadhi na matumizi ya mchanga mwaka 2015, mchanga wa huko hauchotwi kiholela, angalau kwenye karatasi. Kuna mamlaka maalum inayousimamia, kuna sehemu zilizotengwa, na lori linatakiwa kuwa na kibali. Sheria hiyo haikuja bure. Mito ya msimu kama Thwake na Kaiti ilikuwa imechotwa, visima vya mchangani vikakauka, na watu wakauana wakigombania mchanga.

Lakini muulize mwenye lori habari za waliolipakia. Hao ni vijana wa mabeleshi wanaolipwa kwa lori, pesa mkononi, na si ajabu kumkuta miongoni mwao wa miaka 15. Kazi yenyewe mara nyingine hufanywa usiku, hasa pale mchanga unapokuwa wa wizi. Serikali inajua mchanga umetoka wapi. Haijui aliyeubeba ana miaka mingapi.

Si kwamba sheria haipo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza kabisa kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 13. Wa miaka 13 hadi 16 anaweza kupewa kazi nyepesi, isiyomdhuru wala kumtoa shuleni. Kuanzia 16 anaweza kuajiriwa, ila kazi za hatari zinamngoja afike 18. Mwajiri anatakiwa kuweka daftari lenye umri wa kijana huyo na tarehe za kuingia na kutoka kazini. Katika kazi za viwanda, haruhusiwi kumfanyisha kazi kati ya saa kumi na mbili na nusu jioni na saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kanuni nazo zinataka ruhusa ya maandishi ya ofisa wa kazi kabla ya kumwajiri mtoto. Anayemwajiri mtoto kinyume cha sheria anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 200,000, au kufungwa mwaka mmoja, au vyote viwili.

Ukiisoma unamwona aliyeiandika akimfikiria mwajiri mwenye geti, karani na kabati la mafaili. Mwajiri wa kijana wa Mutitu kule Kitui, au wa Kibwezi kule Makueni, ni jirani mwenye ekari mbili za ndengu. Mvua za vuli zikiwa nzuri, ndengu hukomaa kuanzia Januari, tena hazikomai kwa pamoja. Zinachumwa kwa mkono, kwa awamu, na zikicheleweshwa maganda hupasuka na punje zikamwagika chini. Mwezi huohuo shule zimefunguliwa, karo inadaiwa, na mama anahitaji mikono shambani kwake na pesa kutoka shamba la mwenzake. Nani atapanda matatu hadi mjini kutafuta ruhusa ya ofisa wa kazi kwa kibarua cha siku tatu? Nauli peke yake inaweza kula ujira wa siku nzima.

Na kazi hii siioni kuwa uovu. Mkamba aliyekulia kwenye mwethya, ambako majirani walichimba pamoja matuta ya kuzuia mmomonyoko, hahitaji kuambiwa kwamba kijana hujifunza kwa kufanya. Kuchuma ndengu Jumamosi kwa malipo ya haki si sawa na kushinda mtoni na beleshi siku ya shule. Tatizo ni kwamba sheria, kwa jinsi inavyotekelezwa, inawatia kwenye kapu moja: wote hawana karatasi, basi wote wamejificha.

Anayeumia zaidi ni wa miaka 16 na 17, ambaye Sheria ya Ajira imemkubali. Hana kitambulisho cha taifa hadi afike 18, kwa hivyo hata pesa zake za M-Pesa huenda zinapitia kwa jina la mtu mzima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka awe darasani bado, na Sheria ya Watoto ya 2022 inamwita mtoto. Akipunjwa ujira hashtaki, maana anadhani yeye ndiye mkosaji.

Wako wanaosema kibali cha kumwajiri kijana ni urasimu tu, kifutwe. Jimbo la Arkansas, Marekani, lilifanya hivyo Machi 2023: wa miaka 14 na 15 hawahitaji tena cheti cha jimbo ili waajiriwe. Mwezi mmoja tu kabla ya hapo, wizara ya kazi ya Marekani ilikuwa imetangaza kwamba kampuni ya kusafisha machinjio iliwatumia watoto 102 katika majimbo 8, Arkansas likiwemo, kwenye kazi za hatari. Cheti kisingewaokoa wote, lakini bila cheti hakuna hata pa kuanzia kuuliza. Bolivia ilijaribu njia nyingine mwaka 2014, ikawaruhusu watoto wa miaka 10 kufanya kazi kwa masharti. Mwaka 2018 ilirudi kwenye 14.

Kwetu umri usiguswe. Kinachohitaji kusogezwa ni mahali pa kupatia ruhusa. Kati ya 2009 na 2013 Shirika la Kazi Duniani lilikuwa na mradi wa kupambana na ajira ya watoto Kitui, Busia na Kilifi. Mradi una mwanzo na mwisho. Chifu, mzee wa kijiji na mwalimu mkuu walikuwepo kabla yake na wapo hadi leo, nao wanajua nani ameajiri mtoto wa nani. Ruhusa ya kazi nyepesi ya likizo na wikendi itolewe huko, bila malipo, ikiwa na sahihi ya mzazi na ya mwalimu mwenye daftari la mahudhurio, kisha nakala iende kwa ofisa wa kazi. Najua utasema chifu ataigeuza duka. Wengine watajaribu, na ndiyo maana nataka sahihi ya mwalimu.

Kwa msichana wa miaka 15 anayechukuliwa na “shangazi” kwenda kuwa yaya Nairobi au Mombasa, sioni kibali cha kumfaa. Akishaingia nyuma ya geti la watu, chifu wa kwao hamwoni wala mwalimu hamwoni. Hapo katazo libaki katazo, na namba 116 ya kuripoti dhuluma kwa watoto itangazwe kwenye kila steji ya mabasi kuanzia Kitui hadi Emali.

Mtoni pia hakuna haja ya kibali cha kijana, kwa sababu cha lori kipo tayari. Sheria za kazi ni za serikali ya kitaifa, lakini masharti ya kibali cha mchanga yamo mikononi mwa kaunti. Makueni inaweza kuongeza sharti moja: lori likikutwa linapakiwa na aliye chini ya miaka 18, kibali kinafutwa, na mwenye lori ndiye anayepata hasara, si kijana. Kitui nayo, yenye mito ya Tiva, Nzeeu na Thua, inaweza kuliiga bila kungoja mswada wowote kutoka Nairobi.