Nani Aliwaambia Msubiri Juni?

Novemba ikiingia na wingu la kwanza kutanda juu ya milima ya Uporoto, watu wa mjini huanza wimbo uleule: safari za shamba basi, tuonane Juni. Mvua, wanasema, ni ya mkulima. Mtembezi akae ndani mpaka nchi ikauke. Wanayasema haya kwa uhakika wa karani anayesoma ratiba ya basi, na ukiuliza sababu unaonyeshwa matope.

Sababu yenyewe iko mbali na matope. Kalenda hii ya "msimu mzuri" ni ya mgeni. Mzungu ana likizo Julai na Agosti, na amekuja kutazama wanyama. Wakati huo nyasi zimekauka, maji yamepungua, wanyama wamejikusanya kwenye mabwawa yaliyobaki, naye anawaona bila kushuka kwenye gari. Kwake hesabu inakubali. Wewe unayepata nafasi wakati wa Krismasi na Pasaka unaiazima kalenda yake ya nini? Sikukuu zako zote mbili kubwa zinaangukia kwenye mvua. Ukimfuata mgeni, utazimalizia kwenye kochi ukitazama tamthilia. Na hao nyumbu anaowalipia dola, Januari hadi Machi wako Ndutu wakizaa, kwa kuwa mvua imeotesha nyasi fupi tamu kwenye udongo wa majivu ya volkano. Wao wanaifuata mvua, sisi tunaikimbia.

Twende Kitulo, wilayani Makete. Ni uwanda wa nyasi ulio juu kama mita 2,600, hifadhi ya taifa tangu 2005, na wengi wanauita Bustani ya Mungu. Una aina zipatazo 350 za mimea, 45 kati ya hizo zikiwa okidi za ardhini. Kiangazi okidi hizi zimelala chini ya udongo, kiazi kimetulia, juu huoni kitu. Mvua zikishashika zinachipua, na kati ya Desemba na Aprili uwanda unageuka rangi kila baada ya wiki chache: njano, zambarau, nyeupe, halafu njano nyingine kabisa. (Wachimbaji waliokuwa wakivichimba viazi hivyo kuvipeleka Zambia kupikwa chakula kiitwacho chikanda waliijua thamani ya Kitulo kabla ya watalii. Ulafi huo ulikuwa sehemu ya sababu ya kuufanya uwanda kuwa hifadhi.) Mwenye kusubiri "hali nzuri" anapanda Julai, anakuta nyasi za kahawia na umande ulioganda, kisha anarudi mjini kutangaza kwamba Kitulo inasifiwa bure.

Hali ya hewa inabadilika? Tena sana. Saa moja asubuhi jua, saa nne ukungu mzito humwoni mwenzako, saa nane mvua ya mawe, saa kumi mbingu imeanuka na kianga kimemwagika mpaka kwenye mabonde. Mimi nasema hiyo ndiyo raha yenyewe. Siku ya Agosti unaiona yote asubuhi. Siku ya Januari haikuambii inakokwenda.

Wengine watanitajia mafua. Mafua yanaletwa na virusi, navyo vinapenda chumba kilichofungwa madirisha chenye watu kumi wanaokohoa, yaani palepale mlipojificha mvua. Baridi ya mlimani ni jambo jingine: ukilowa kwenye mita 2,600 bila nguo ya kubadili, utaumia. Basi beba koti la mvua na sweta kavu ndani ya mfuko wa nailoni.

Hatari ya kweli ipo na sitaifanyia mzaha. Maporomoko ya matope ya Katesh ya Desemba 2023 yaliua watu wengi. Usivuke mto uliofurika, usisimame kileleni radi ikianza, usilale bondeni. Tembea asubuhi, maana huko nyanda za juu mvua nyingi hushuka mchana. Lakini tahadhari hizi ni za mtu anayetoka. Hazijawahi kuwa hoja ya kubaki ndani.

Wala sijagusa chakula. Uyoga wa porini unauzwa kando ya barabara wakati wa mvua tu. Ulanzi, pombe ya mianzi, pia: mianzi inagemwa inapochipua, na inachipua kwa mvua. Anayekwenda Njombe kiangazi akitaka ulanzi mbichi atasubiri sana.

Njia ya kufika Kitulo je? Barabara ya Hamsini na Saba, kutoka Chimala kupanda Matamba, ina kona kama jina lake linavyosema, na siku ya mvua kubwa siishauri kwa gari dogo. Ulizia stendi gari la abiria. Madereva wale wanazijua kona moja moja. Vaa gambuti, ondoka alfajiri. Na wewe uliyekwisha kuweka nafasi ya Juni, usisahau sweta: okidi utakuwa umezikosa, baridi utaikuta.