Samadi Isiyoteremka Mlimani

Katika vihamba vya miteremko ya Mlima Kilimanjaro, ng'ombe wa maziwa hapelekwi malishoni. Hufungwa bandani mwaka mzima, akaletewa majani, migomba na mabua. Sehemu kubwa ya lishe hiyo hutoka kwenye mashamba ya mahindi yaliyo tambarare, ikapandishwa kwa vichwa vya akina mama au kwa gari la kukodi. Ng'ombe mmoja aliyelishwa vyema hutoa samadi isiyopungua kilo 20 kwa siku. Mwenye ng'ombe wawili hupata zaidi ya tani 14 kwa mwaka, juu ya kipande cha ardhi ambacho mara nyingi hakifiki ekari mbili.

Migomba na kahawa hupewa fungu lake kwanza. Inayobaki hurundikwa nyuma ya banda, na masika yakianza huchuruzika hadi mferejini, ambako majirani wa chini huteka maji. Wakati huo huo shamba la tambarare la mfugaji yule yule linachakaa, kwa kuwa limetoa mabua yake yote na halikurudishiwa kitu. Naye hutafuta fedha za mbolea ya chumvichumvi.

Wapo watumishi wanaoliita jambo hili uzembe. Shutuma hiyo ni nyepesi mno. Samadi mbichi kwa sehemu kubwa ni maji, na hakuna mwenye akili timamu atakayebeba maji kichwani kilometa kadhaa ili kuyamwaga shambani. Gari lililopandisha mabua mara nyingi huteremka tupu, lakini mwenye gari hataki tope la zizi mahali atakapopakia mahindi kesho yake. Samadi iliyoiva na kukauka angeikubali. Ili iive bila kupoteza nguvu inataka paa, na banda linataka sakafu ya saruji, kwani sakafu ya udongo hunywa mkojo, na humo ndimo ilimo sehemu kubwa ya naitrojeni. Mfugaji mwenye shilingi chache hununua pumba kwanza. Pumba huonekana kwenye ndoo ya maziwa. Sakafu haiongezi hata kibaba.

Mitambo ya gesi ya samadi imehubiriwa sana. CAMARTEC, kituo cha Arusha kilichoundwa kwa sheria mwaka 1981, kilifanya kazi ya kusifiwa katika kuisanifu. Lakini mtambo wa namna hiyo unahitaji maji karibu sawa na samadi yenyewe, tena haumezi samadi: baada ya kutoa gesi huirudisha ikiwa uji, mzito vile vile kubebwa.

Ofisa mifugo huhesabu lita na chanjo. Ofisa kilimo huulizia mbegu. Samadi imebaki yatima katikati yao, na sheria ndogo ya usafi isimfikie mfugaji kabla ya ushauri wao. Halmashauri zikae na vyama vya wafugaji na wenye magari, zikubaliane nauli ya mzigo wa kurudi, na kusaidia ujenzi wa mabanda ya pamoja ya kuivishia samadi kando ya barabara. Shule zenye mashamba tambarare zaweza kuwa wateja wa kwanza, na walimu wakawaonyesha wanafunzi mistari miwili ya mahindi, uliotiwa samadi na usiotiwa. Mabua huanza kupandishwa mara tu baada ya mavuno. Mazungumzo hayo yafanyike kabla gari la kwanza halijapanda.