Usawa Haupimwi Mlangoni

Ndugu wafanyakazi wa viwandani na mashambani,

Wako wenzetu wanaouliza: habari za chuo kikuu zatuhusu nini sisi tunaokata miwa na kuchuma chai? Twajibu kwamba zatuhusu sana. Idara ya chuo ni mahali pa kazi kama karakana. Ina mkubwa wake, ina wanaogawiwa kazi nzuri na wanaogawiwa kazi mbaya, ina anayepandishwa cheo na anayeachwa nyuma. Tena ndiko tunakotaka watoto wetu wafike.

Tutazame Makerere. Chuo hicho kilianza mwaka 1922 kwa wanaume peke yao. Wanawake wa kwanza, sita tu, waliingia mwaka 1945. Mlango ulifunguliwa, lakini ndani vikwazo vilibaki. Sarah Nyendwoha, aliyejulikana baadaye kama Sarah Ntiro, alitaka kusoma hesabu, mwalimu akakataa kumfundisha mwanamke. Chuo kizima kilikuwa kimemkubali, mtu mmoja darasani akamkatalia! Ikambidi achukue masomo mengine.

Mama huyo hakukata tamaa. Alisoma mpaka Oxford, akapata shahada mwaka 1954. Aliporudi kufundisha Uganda, alikuta mwanamke analipwa pungufu ya mwanamume kwa kazi ile ile. Akaukataa mshahara huo, akafundisha bila malipo mpaka serikali ya kikoloni ikakubali kumlipa sawa na wanaume. Huo nao ulikuwa mgomo, japo wa mtu mmoja.

Mwaka 1990 wasichana walianza kuongezewa pointi 1.5 walipoomba nafasi chuoni. Wako waliolalamika kwamba huo ni upendeleo. Sisi hatukubaliani nao. Msichana anayechota maji, kupika na kubeba wadogo zake kabla ya kushika daftari hana saa za kusoma sawa na kaka yake. Wachuma chai wanaijua mizani. Mizani ikipunja, anayeirekebisha hampendelei mchumaji, anamrudishia kilo zake.

Matunda yameonekana. Wanawake wameongezeka, na katika mahafali ya miaka ya karibuni wamezidi nusu ya wahitimu. Hata hivyo, wachunguzi walibaini kwamba wengi walionufaika na pointi zile walikuwa mabinti wa wenye uwezo, waliosoma shule nzuri. Binti wa mkata miwa aliyeacha shule kwa kukosa ada, pointi hizo angeziongeza juu ya nini? Na ukipanda ngazi mpaka kwa maprofesa, wanaume bado ndio wengi.

Basi usawa haupimwi mlangoni. Unapimwa ndani: nani anagawa kazi, nani anakaa kwenye kamati, nani analipwa nini. Kwetu ni vivyo hivyo. Wanawake wamejaa mistarini wakichuma, lakini wasimamizi wengi ni wanaume. Mlemavu anaambiwa hakuna kazi kabla hajaulizwa anaweza nini. Nyapara anaita vibarua wa kabila lake kwanza.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu, chuoni na mashambani. Kwanza, masharti ya kuajiri na kupandisha vyeo yabandikwe ukutani, kila mtu ayasome. Pili, kamati zinazoamua ziwe na wanawake, walemavu na watu wa makabila mbalimbali, nao wawe na kura, wasiwe wa kuandika kumbukumbu na kuandaa chai tu. Tatu, mwenye malalamiko asikilizwe na watu wengine, asirudishwe kwa yule yule anayemlalamikia.

Na kwa ajili ya binti wa mkata miwa, kila tawi liingize ada za shule katika madai yake kwa mwajiri, pamoja na mishahara na nyumba. Bila hivyo milango ya vyuo itaendelea kufunguliwa, na watoto wetu wataendelea kuitazama kwa mbali.

Ndugu, mama yule aligoma peke yake, akashinda. Sisi tuko wengi, na tuna chama. Tusingoje kupewa usawa kama zawadi ya sikukuu. Tuudai kama tunavyodai mshahara wetu.

Umoja ni nguvu!