Chumvi Katika Makopo Yetu

Mwezi huu tunawaomba tusimame pamoja mbele ya rafu ya jikoni, maana kuna jambo lililotupata hapo ambalo hatupendi limpate mwenzetu yeyote.

Tulikuwa na makopo matatu yaliyowahi kuwa ya maziwa ya unga. La kwanza lilikuwa la chumvi, la pili la magadi yaliyosagwa, na la tatu la haluli, ile dawa aliyoiacha mama mkwe alipokuja kututembelea. Hayakuandikwa chochote. Sisi tuliyajua kwa mahali yalipokaa, na tuliona hiyo yatosha.

Jioni moja mtoto wetu wa mwisho alianza kuharisha. Tukamwambia binti yetu mkubwa achanganye haraka maji ya chumvi na sukari. Siku hiyo rafu ilikuwa imesafishwa na makopo yamerudishwa bila mpangilio. Binti akachota, akakoroga, akaleta. Kwa desturi tuliyofundishwa na mama zetu, tulionja kwanza. Yalikuwa machungu! Alikuwa amechota haluli. Tungalimpa mtoto anayeharisha dawa ya kuharisha. Hatukumgombeza binti, kwa sababu kosa lilikuwa letu sisi tulioweka makopo bila majina.

Tangu siku ile tumejifunza kwamba neno chumvi lina watoto wengi. Wataalamu wa kemia hawaiiti chumvi ile ya mezani peke yake. Kwao, tindikali ikikutana na kitu kinachoipooza, kama magadi, kinachozaliwa ni chumvi. Kamua limau juu ya magadi utaona povu likifoka. Povu likiisha, ukali wa limau na wa magadi umepungua, na ndani ya yale maji imo chumvi mpya iitwayo sitreti ya sodiamu. Hata ganda la yai, kwa hesabu yao, ni chumvi. Hata plasta anayofungwa mtoto aliyevunjika mkono hutokana na chumvi ya kalsiamu. Basi weupe na jina havitoshi kutuambia kitu ni cha kuliwa.

Tuyatazame makopo moja moja.

Chumvi ya mezani ni kloridi ya sodiamu. Huvunwa katika mashamba ya chumvi ya pwani, kwa maji ya bahari kukaushwa na jua. Huko Uvinza, mkoani Kigoma, watu wamechemsha maji ya chemchemi za chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000. Chumvi tunayopaswa kununua ni iliyotiwa madini joto, yaani iodini. Hayo nayo hutiwa kwa njia ya chumvi nyingine, iodeti ya potasiamu, kwa kiasi kidogo sana.

Mama mjamzito asilipuuze jambo hili. Iodini ikikosekana, mama aweza kuota rovu, na ubongo wa mtoto aliye tumboni waweza kudumaa kwa namna isiyorekebishika baadaye. Iodini hupotea chumvi ikiachwa wazi, ikipata unyevu au ikipigwa na jua. Ifunike vizuri, iweke mbali na jiko, na uitie chakula kinapokaribia kuiva.

Lakini chumvi yenye iodini isitufanye tuimwage. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani karibu kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo katika mkate, dagaa wakavu na vitu vya pakiti. Ikizidi, shinikizo la damu hupanda. Mtoto mchanga wa chini ya mwaka mmoja hahitaji kutiwa chumvi katika uji wake, maana figo zake bado changa.

Magadi ni chumvi ya sodiamu pia, ila ni ya jamii ya kaboneti. Hutoka katika maziwa kama Magadi huko Kenya na Natron huko Tanzania. Tunayapenda kwa sababu maharage na makande huiva upesi, na kisamvu hulainika. Hata hivyo yanaharibu vitamini B1 iliyomo katika maharage, na sodiamu yake huhesabiwa pamoja na ile ya chumvi. Zaidi ya hayo, magadi ya kaskazini mwa Tanzania yamepimwa na kuonekana kuwa na floridi nyingi, ambayo hutia meno ya watoto madoa ya kahawia. Kuloweka maharage usiku kucha na kumwaga yale maji ni njia nzuri zaidi ya kuokoa kuni.

Haluli ni salfeti ya magnesiamu. Huvuta maji na kuyaingiza tumboni, ndipo mtu akaharisha. Mahali pake ni pamoja na dawa, juu, mbali na watoto na mbali na vyakula.

Wako pia akina mama wanaotumia shabu kutuliza maji ya mto. Nayo ni chumvi, yenye potasiamu na aluminiamu. Hufanya tope lishikamane na kuzama chini, lakini maji yaliyotulia si lazima yawe salama. Yachemsheni.

Sasa turudi kwa mtoto anayeharisha. Pakiti ya dawa ya maji tunayopewa zahanati, ile iitwayo ORS, ina chumvi tatu. Kwa kipimo kinachotumika tangu mwaka 2002, lita 1 ya maji hutiwa gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu, na gramu 2.9 za sitreti ya sodiamu, ndugu wa ile iliyozaliwa na limau letu. Pamoja nazo zimo gramu 13.5 za glukosi. Sukari hiyo huisaidia chumvi kupita katika kuta za utumbo, na maji huifuata. Ndiyo sababu maji matupu hayatoshi.

Tusiigawe pakiti kwa kukisia. Tuichanganye yote katika kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake, na yaliyobaki baada ya saa 24 tuyamwage. Pakiti ikikosekana, tuchukue lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu kijiko cha chai cha chumvi ya mezani, na vijiko 6 vya chai vya sukari, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa kisu. Kisha tuonje. Yasizidi machozi kwa chumvi. Yakizidi, tumwage tuanze upya, kwani chumvi nyingi yaweza kumdhuru mtoto kuliko kuharisha kwenyewe. Mtoto anyonyeshwe kama kawaida. Akilegea, akishindwa kunywa, macho yakididimia au akitoa damu, tusingoje asubuhi. Apelekwe zahanati usiku huohuo.

Kiswahili chetu nacho kina chumvi zake. Mzee huitwa aliyekula chumvi nyingi, na anayezidisha habari husemwa ametia chumvi. Bwana Yesu aliwafananisha wafuasi wake na chumvi. Naye Mtume Paulo, alipowashauri Wakolosai jinsi ya kusema na watu, aliutaja munyu, jina la zamani la chumvi. Sisi tunaona kwamba mama aliyemsema binti yake mbele ya wageni amefanya kama aliyechota kopo lisilo lake. Maneno yalikuwa ya kweli, ila kiasi na mahali havikuwa vyake. Usiku ule tulikuwa karibu kufanya hivyo, tukakumbuka nani aliyeyaacha makopo bila majina.

Tahadhari kabla ya hatari. Leo, kabla ya kupika chakula cha jioni, chukua kipande cha karatasi na kalamu, ukaandike kila kopo. Kama msaidizi wako hajui kusoma, mchoree alama, umwonyeshe. Makopo yetu sasa yana majina, na haluli imehamia kwenye sanduku la dawa. Binti yetu ndiye aliyeyaandika, kwa herufi kubwa.

Hadi mwezi ujao, Mungu azilinde nyumba zenu.