Fremu 25 za Nini?

Nimekuwa kimya kidogo, kazi zimenibana. Leo nina jambo ambalo limenikaa moyoni, na kama una kamera za ulinzi dukani au nyumbani, huenda likakufaa.

Shangazi yangu ana duka la vifaa vya ujenzi kule Nakuru. Aliponunua kamera nne aliniambia, "Wewe si ndiye uliyesomea kompyuta? Njoo unipangie." Nikaenda, nikapandisha kila kitu: fremu 25 kwa sekunde, megabiti 4 kwa sekunde kwa kila kamera. Picha ikawa laini kama ya sinema. Shangazi akafurahi, nami nikanywa chai nikijiona fundi.

Shangazi huhesabu mali mara mbili kwa mwezi. Siku moja akakuta mabunda matano ya waya wa stima hayapo. Tukafungua mashine ya kurekodi. Rekodi ya zamani kabisa ilikuwa ya siku tano tu nyuma. Zilizotangulia zilikuwa zimefutwa kupisha mpya. Kijana aliyekuwa akiuza dukani akashukiwa, akaachishwa kazi. Mpaka leo hatujui kama aliiba au alionewa.

Kosa lilikuwa langu, tena la hesabu ya shule ya msingi. Megabiti 4 ni nusu megabaiti. Siku ina sekunde 86,400, kwa hivyo kamera moja hula gigabaiti 43.2 kwa siku, na kamera nne karibu 173. Diski ya terabaiti 1 hujaa kabla siku ya sita haijaisha.

Ndiyo maana nasema usianze na fremu, anza na siku. Jiulize: nikiibiwa leo, nitagundua lini? Kwa shangazi jibu lilikuwa hadi siku 15. Mimi sikumuuliza.

Kuhusu fremu, mtu anayetembea kawaida husogea kama mita 1.4 kwa sekunde. Kwa fremu 10, kati ya picha moja na nyingine amesogea sentimita 14. Bunda la waya halitapotelea hapo! Pale kwenye droo ya pesa, ambapo vidole huenda mbio, ongeza. Kwingineko 25 ni mapambo. Wako wanaosema fremu nyingi huondoa ukungu kwenye sura ya mtu anayetembea. Hapana. Ukungu huo hutokea shata ya kamera ikikaa wazi muda mrefu, hasa gizani. Dawa yake ni taa.

Lakini kuna mtego. Ukipunguza fremu huku umeiagiza kamera itumie kiwango kilekile cha biti wakati wote, diski itajaa kwa kasi ileile. Punguza vyote viwili.

Halafu tazama namna ya kubana video. H.264 ya mwaka 2003 na H.265 ya 2013 zote huhifadhi picha kamili mara mojamoja, na katikati huhifadhi mabadiliko tu. H.265 inaweza kutoa ubora uleule kwa karibu nusu ya biti. Itumie ikiwa kamera na mashine zote zinaielewa. Ila kwanza nakili kipande kwenye flashi, ukifungue kwenye kompyuta ya kawaida. Ushahidi usiofunguka polisi haumsaidii mtu.

Nilirudi Nakuru nikaweka H.265, fremu 12, megabiti 1. Nikasimama mlangoni mchana, kisha usiku, kuona kama sura yangu inatambulika. Ilitambulika. Sasa kamera zote nne zinakula kile kilichokuwa kikiliwa na moja, na diski ileile inakumbuka siku 23.

Yule kijana hakurudi. Nawe je, kamera zako zinakumbuka siku ngapi? Nenda ukaangalie leo, kabla hujazihitaji. Tuonane tena.