MZEE WANGU, HUJACHELEWA: DARSA ZA WATU WAZIMA ZIRUDI MISIKITINI

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Leo naanza kwa kukiri kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita, hapa Tanga, baada ya swala ya Isha, mzee mmoja alikuwa anakamilisha rakaa iliyompita na sauti yake ikasikika. Al-Fatiha yake ilikuwa na makosa yanayobadilisha maana. Alipotoa salamu nikamwambia palepale, mbele ya watu: "Mzee, Al-Fatiha hiyo haifai, kajifunze." Vijana wawili wakacheka. Mzee akainama, akachukua kandambili zake, akaondoka. Karibu mwezi mzima hatukumuona msikitini.

Nilipomfuata nyumbani kumwomba radhi, aliniambia neno ambalo sijalisahau: "Shekhe, mimi najua kuwa sijui. Lakini nikajifunze wapi? Nikakae jamvini na wajukuu zangu?"

Nilikosa jibu. Madrasa tunazo karibu kila mtaa, na zote ni za watoto. Mtu wa miaka 60 tunamwambia kajifunze, halafu hatumuoneshi mlango wa kuingilia.

Ndugu zangu, wazee wetu wengi hawakukataa elimu. Wengine walilelewa shambani au baharini, wengine walikuwa yatima, wengine walisilimu ukubwani. Kinamama wengi waliachishwa chuo mapema wakalee wadogo zao. Leo wana nafasi na wana hamu. Kinachowazuia ni haya. Na haya hiyo, tuseme ukweli, sisi wenye kusoma tumechangia kuitengeneza.

Tazama alivyofundisha Mtume wetu (Swalla Allahu alayhi wa sallam). Imam Muslim amepokea kisa cha Muawiya bin Al-Hakam, aliyezungumza ndani ya swala kwa kutojua. Watu wakamkazia macho, wakapiga mapaja yao kumnyamazisha. Mtume (S.A.W) akasubiri mpaka swala ikaisha, kisha akamweleza kuwa swala haifai kuchanganywa na maneno ya watu. Hakumkunjia uso, hakumpiga, hakumtukana. Muawiya mwenyewe akashuhudia kuwa hajapata kuona mwalimu bora kuliko yeye. Mimi nilifanya kinyume chake, na matokeo nimekwisha kuwaeleza.

Wapo wanaosema: "Samaki mkunje angali mbichi. Mzee hashiki kitu, tuelekeze nguvu kwa watoto." Methali hiyo ni nzuri kwa malezi, lakini mwanadamu si samaki. Mtume (S.A.W) aliteremshiwa neno la kwanza, la kuamrishwa asome, akiwa na miaka 40. Abubakar (Radhiyallahu anhu) alikuwa karibu na umri huohuo. Imam Bukhari ameandika katika Sahihi yake kuwa Maswahaba walijifunza wakiwa na umri mkubwa. Umma huu ulianza na darsa la watu wazima!

Ama kushika kwa shida, hilo lina bishara yake. Katika hadithi ya Bibi Aisha (Radhiyallahu anha), waliyoipokea Bukhari na Muslim, anayesoma Qur'an huku anakwama na kuona uzito ana ujira mara mbili. Sasa wewe kijana unamcheka mtu anayelipwa mara mbili?

Wazee wetu wa Tanzania wanakumbuka pia mwaka 1970, ambao Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Watu wazima waliokwisha kuwa na familia waliingia katika kisomo, wakashika kalamu, wakajifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Kama nchi iliweza kumketisha mtu mzima ajifunze kuandika jina lake, sisi tunashindwaje kumketisha ajifunze namna ya kusimama mbele ya Mola wake?

Basi tufanyeje? Nasema niliyoyajaribu.

Kwanza, wazee wawe na darsa lao peke yao, wasichanganywe na watoto. Baina ya Maghrib na Isha panafaa kwa wanaume. Kinamama wachague wenyewe wakati wao. Imepokewa kuwa wanawake walimwomba Mtume (S.A.W) awawekee siku yao, naye akawawekea.

Pili, pawe na viti kwa wenye magoti mabovu, na misahafu ya maandishi makubwa. Mzee asiyeona herufi usiseme hana akili.

Tatu, tuanze na anachokihitaji leo: Al-Fatiha, sura fupi, udhu, sijda ya kusahau. Kisha mambo ya umri wake: madeni, mirathi, na wasia, ajue kuwa hauvuki theluthi ya mali na hauandikiwi mrithi.

Nne, kila mmoja asahihishwe peke yake, kwa sauti ya chini. Fimbo na kejeli ziachwe mlangoni.

Tano, wasiojua kusoma kabisa tuwafundishe na herufi za Kiswahili. Mama anayempa mtu mwingine namba yake ya siri ya simu ili amsomee ujumbe wa pesa, huyo tunamwacha katika hatari.

Na nyinyi watoto wenye wazazi hai, msimwambie baba "nenda darsa." Mwambie "twende." Mpeleke, msubiri, rudi naye.

Darsa letu lilianza na watu wanne. Yule mzee alikuwa wa kwanza kufika. Mpaka leo anasoma polepole, anakwama, anarudia. Lakini mwezi uliopita aliniambia kwamba umeme ulikatika, mvua ikawazuia kwenda msikitini, akawaswalisha wajukuu zake nyumbani kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Alilia akinisimulia, na mimi nikalia.

Wawili kati ya wale wanne wamekwisha tangulia mbele ya haki. Walikutwa na mauti wakiwa wanafunzi. Nami huwa nawafikiria wale waliofariki kabla hatujaanzisha darsa, ambao walikuwa wakiswali safu ya nyuma, kimya, wakiogopa kusikika. Imamu mwenzangu, hao tutaulizwa. Usisubiri jengo wala mfadhili. Jamvi lipo, taa ipo, wazee wapo. Anza wiki hii.

Ewe Allah, tuzidishie elimu yenye manufaa, wasamehe wazee wetu, na utujaalie tukutane nawe tukiwa tunajifunza. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Ukiwa na mzazi hai, usiishie kumtumia ujumbe huu. Msomee.