Shina la ua lina bei yake

Wadau, leo nawashitaki wateja wa Kariakoo, na mshtakiwa namba moja ni mimi mwenyewe.

Juzi nilipeleka gauni la dada yangu kwa fundi mmoja, mama wa makamo anayeshonea kibarazani Mtaa wa Aggrey. Gauni ni jeusi tupu. Dada alitaka maua yaliyokatwa kwenye kitenge yashonwe kifuani, na mashina membamba yateremke mpaka kiunoni. Yote kwa mkono, kwa sababu cherehani huacha mstari wa uzi juu ya ua.

Mama akataja elfu arobaini. Nikaruka. "Mama, si kubandika viraka tu? Nifanyie ishirini."

Akacheka. "Kaa hapo mwanangu, uone kiraka kinavyobandikwa."

Nikakaa. Kumbe kazi yenyewe iko kwenye shina. Kitambaa cha shina hakukikata kwa kufuata uzi, alikikata mshazari. Kinachofuata uzi hakivutiki, ukikipinda kinatoa makunyanzi. Cha mshazari kinavutika, kwa hiyo kinapita kwenye kona bila kugoma. Akakunja kingo mbili ndani, akapiga pasi, kipande cha sentimeta mbili kikabaki chembamba kama kalamu yangu. Akakipiga bandi juu ya mstari wa chaki, ndipo akaanza kushona, upande wa ndani wa kona kwanza. Ukianza na wa nje, akanieleza, wa ndani utajaa mikunjo. Uzi ni wa rangi ya shina, si ya gauni, na sindano inadokoa ukingo tu.

Nusu saa, shina moja la urefu wa kiganja. Dada alitaka saba.

Pigeni hesabu. Saa tatu na nusu za mashina peke yake, ua hata moja bado. Kitambaa nilishanunua Mtaa wa Uhuru. Basi lile punguzo nililoomba lilikuwa linatoka wapi? Kwenye macho na vidole vya yule mama.

Cha ajabu, tukitaka tunajua kuiheshimu sindano. Kofia ya Zanzibar iliyodariziwa kwa mkono huchukua wiki kadhaa, na hakuna anayeshangaa ikiuzwa ghali kuliko ya mashine. Mwanamume anaigeuza, anakagua vitundu, analipa. Hiyo ni heshima yake siku ya Idi. Ua la gauni tunaliita mapambo ya akina mama, wakati kofia nyingi za namna hiyo hushonwa na akina mama hao hao majumbani.

Najua mtaniambia hali ni ngumu, na kwamba Mtaa wa Kongo kuna magauni yenye maua ya mashine kwa bei poa. Sawa, nunueni, si dhambi. Ninachopinga ni kutaka kazi ya mkono kwa bei ya mashine. Ukimbana fundi hivyo, kesho atabandika shina kwa gundi. Ukifua mara mbili linabanduka, halafu unatangaza mjini kwamba mafundi wetu ni wababaishaji. Nani kamfundisha ubabaishaji?

Mimi nililipa arobaini. Dada anadai nimeibiwa. Nimempa sindano, uzi na kipande cha kitenge, nimemwambia ashone shina moja tu, kisha turudi kwenye mjadala.

Nawasilisha.